Kupe wa Shingoni

Nilikuja nikaona. Ona nasi tuone!

Niliona Bata Bukini wawili wakibeba ndege wadogo kutoka ufukwe wa Bukoba hadi kisiwa cha Bumbire, kule Muleba. Kunguru, fundi wa mbawa, akataka wabebe abiria zaidi. Akawapachika mbawa kubwa, akazisogeza mbele. Wakawa wakipaa, vichwa vinapanda kupita kiasi.

Kuanza kazi upya kungemkosesha gulio. Basi akamficha Kupe mmoja chini ya manyoya ya shingo ya kila Bata, akamwambia Kupe, "Kichwa kikipanda mno, uma mshipa kiiname." Kila Kupe alikuwa na kipapasio kimoja tu. Bata hawakuambiwa kitu.

Bata wa kwanza akapaa. Kipapasio kikahisi uongo, Kupe akauma. Bata akainua kichwa, Kupe akauma tena. Bata na abiria wake wakazama kabla ya kukifikia kisiwa cha Musira.

Matanga hayajaanuliwa, Kunguru akatangaza, "Yule hakujua kuruka. Mwenzake akiumwa, amng'oe Kupe."

Bata wa pili akaumwa, akamng'oa kama alivyoagizwa. Lakini mwendo ulishakuwa mkali, upepo umeikandamiza shingo, hainyanyuki. Mgongoni kinda la shore likauliza, "Mama, mbona ziwa linapanda?"

Ndege wote wakakaa kikao chini ya mkuyu. Korongo akamuuliza Kunguru, "Kupe alikuwa na vipapasio vingapi?"

"Kimoja."

"Na Bata, alipopaa mara ya kwanza, alijua ana Kupe?"

Kunguru akatazama chini.

Safari zikafungwa mpaka Kupe awe na vipapasio viwili vinavyokubaliana, aume mara moja tu, na mbeba abiria aelezwe kila kilichowekwa mwilini mwake.

Kupe wa wanadamu aliitwa MCAS, mtambo uliosukuma chini pua ya Boeing 737 MAX kwa kuamini kihisi kimoja. Tarehe 29 Oktoba 2018 watu 189 walikufa ndege ya aina hiyo ilipoanguka Indonesia. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine, ya Ethiopian Airlines, ikielekea Nairobi, ilianguka dakika sita baada ya kupaa Addis Ababa. Wakafa wote 157.

Baadaye mtambo ukarekebishwa: vihisi viwili, kusukuma mara moja, na marubani kufundishwa. Ni masharti yale yale ya chini ya mkuyu. Yangetangulia gulio, kinda la shore lingefika Bumbire.