Kifungua Kinywa cha Mnandi

Shati hili nimelifua mara nne, mara mbili kwa ndimu, na bado paka wa jirani ananifuata nikienda msalani. Jumamosi nilitapikiwa na kifaranga cha mnandi. Sisemi kinyesi. Kinyesi kilikuja baadaye, na kwa hali niliyokuwa nayo nilikipokea kama manyunyu.

Nilitoka Kisegi alfajiri kwa bodaboda hadi Sindo, kisha matatu hadi Mbita, kamera ya kuazima ikining'inia shingoni kama hirizi. Nilikuwa naenda Mbasa, kile kisiwa kidogo karibu na Rusinga ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Ndege. Nilikuwa nimesikia mnandi wanalea.

Harufu ilitulaki, mimi na nahodha wa mtumbwi, kabla ya kisiwa. Miti ilikuwa myeupe ungedhani fundi kapita na ndoo ya chokaa. Weupe ule, kumbe, ni mkojo: ndege hakojoi maji kama sisi, hutoa uji mweupe, na mti ukimwagiwa uji huo miaka nenda miaka rudi hufa umesimama. Usiudharau. Mwaka 1856 Marekani ilitunga sheria ya kuwaruhusu raia wake kujitwalia visiwa visivyo na mwenyewe, mradi vina samadi ya ndege. Mimi nilirudi nayo mabegani bila sheria yoyote.

"Sogea kidogo," nikamwambia nahodha. Akasogea. "Kidogo tena." Kwa hiyo sehemu hii simlaumu mtu.

Juu yetu mnandi mmoja alikuwa amejianika, mabawa wazi kama kanzu kwenye kamba. Bata hajianiki, maji humteleza. Unyoya wa mnandi hulowa pembeni na kubaki mkavu katikati. Maji yakiingia, hewa hutoka, naye anapungua kuelea, anazama kumfukuza samaki bila kuhangaika, huku ngozini amebakiwa na utando mwembamba wa hewa wa kumkinga na baridi. Gharama yake ni hiyo: kila akitoka kazini lazima ajianike. Nilimtazama mdomo wazi. Naomba ukumbuke huo mdomo.

Kwenye tago la vijiti jirani, vifaranga watatu weusi, shingo kama mipira ya baiskeli. Mzazi akatua, na mmoja akazamisha kichwa chote kooni mwake, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya gunia, akala humo humo. Mzazi alipoondoka tukawa tumebaki sisi, karibu mno. Kifaranga cha mnandi kikiogopa hakina kucha wala mbio. Kina kifungua kinywa chake tu, na hicho ndicho hukurushia.

Zilikuwa fulu, vile visamaki vya ziwani. Za moto. Nusu zilishika shati, nyingine kioo cha kamera, na zilizobaki nimeshakuomba ukumbuke mdomo.

"Omera, umekaribishwa," nahodha akasema, bila hata kutabasamu.

Halafu akachukua ndoo akaigonga kwa kasia. Kisiwa kizima kikaruka. "Piga sasa! Wageni wote hupenda hii!" Mayai yakabaki wazi juani, na mwewe, ambaye bila shaka anaijua sauti ya ile ndoo kuliko mimi, akashuka kwenye tago moja akainuka na kitu kinachoning'inia. Nilikuwa nabonyeza. Nina picha arobaini za ukungu wa kahawia.

Hilo halinichekeshi. Ufuoni kwetu mnandi hutukanwa kwamba anamaliza samaki. Mbuta aliyewala fulu wetu hakuletwa na mnandi. Alitiwa ziwani na watu, miaka ya 1950. Wala sijamwona mnandi akivua kwa neti ya mbu. Sasa hata yai lake linagongewa ndoo ili mtu apate picha ya mabawa, na ndoo hiyo niliilipia mimi. Tena kwa bei ya mgeni, kwa sababu, nilivyoelezwa, mwenyeji hatembei na kamera.

Simu ilitumbukia tukiwa tunarudi. Kandambili moja sijui iko wapi.

Kwenye matatu ya Sindo watu walikuwa wamesimama wamejikunja, na viti viwili vya pembeni yangu vitupu. Mama mmoja akafungua dirisha, akanigeukia kwa upole.

"Mwanangu, hizo fulu unauzaje?"