Gunia Lenye Uzi Mwekundu

Jumamosi ya kwanza ya Julai 2025 niliingia stoo nimefumbata noti ya elfu kumi, nikakuta magunia matatu ya mahindi. Yalikuwa matano. Baridi ya Uyole asubuhi ile ilikuwa ya kuuma vidole, lakini jasho lilinitoka, maana moja ya yale mawili yaliyotoweka ndilo nililolishona mdomo kwa uzi mwekundu.

Ndani ya gunia lile, kina cha mkono hadi begani, kulikuwa na bahasha ya kaki iliyozungushiwa nailoni, na ndani ya bahasha shilingi 740,000. Elfu kumi kila Jumamosi tangu Februari 2024, kutoka kwenye vitenge ninavyouza Mwanjelwa. Sikuziweka kwenye simu kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu nyumbani. Kwenye kikoba nilikuwa na hisa zangu, lakini zile kila mtu alizijua, na kinachojulikana hukopwa. Hizi zilikuwa za uzee wangu. Mama yangu alifiwa na baba kule Tukuyu akiwa na miaka 58, bila senti iliyoandikwa kwa jina lake, akaingia kuchuma chai ya watu na mgongo wake ule. Niliapa nikiwa msichana kwamba halitanikuta.

Mume wangu sikumwambia. Namwita Mwalimu hata tukiwa wawili, kama mtaa mzima unavyomwita.

Mjukuu alikuwa anapiga mswaki uani. Nikamuuliza mahindi yamekwenda wapi.

"Babu aliyapakia kwenye bajaji juzi, bibi. Ulikuwa sokoni."

Kijana wa bajaji nilimkuta kijiweni, naye bila maneno mengi akanipeleka hadi alikoyashusha, kwenye mashine ya kusaga kule Ilomba. Njia nzima nilikuwa naziona noti zangu zikiingia kwenye mdomo wa mashine na kutoka upande wa pili zimekuwa unga. Niliposhuka, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mwalimu mwenyewe, ameketi kwenye benchi na koti lake la shuleni, anasubiri kumaliziwa fedha ya gunia la pili.

Mwenye mashine, mama wa makamo, alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo mama. Bila shaka wewe ndiye mwenye bahasha. Kijana wangu aliikuta alipomwaga mahindi kwenye turubai. Nimemuuliza mzee hapa, anasema hana habari nayo, nikasema basi mwenyewe atakuja."

Zilikuwa zote, hata noti ya mwisho. Nilimpa yule kijana elfu ishirini, akaipokea kwa mikono miwili. Namtaja kwa sababu tumezoea kusimulia wezi tu.

"Fedha za nani hizi?" Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Za uzee wangu. Na mahindi uliyouza ni ya nani?"

Alisimama, akavaa kofia. "Twende nyumbani, mama. Hapa si mahali pake."

Usiku ule, wajukuu wamelala, alinieleza. Januari alikopa shilingi 800,000 kwenye ofisi moja ya chumba kimoja mjini, zile tunazoziita kausha damu, kwa ajili ya ada na kodi ya chumba cha kijana wetu anayesoma Iringa. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Kadi yake ya benki aliiacha kwao pamoja na namba ya siri, jambo ambalo hakuna mkopeshaji wa haki anayepaswa kulitaka. Kila mshahara ulipoingia, wao walitangulia kwenye mashine ya fedha, wakatoa 240,000, wakamwachia masalia. Miezi mitano. Yaani alikuwa ameshalipa 1,200,000, na ile 800,000 iko palepale, haijapungua hata shilingi.

Juni masalia yalikuwa madogo mno. Ili nisigundue pengo, aliuza magunia yetu mawili, fedha ya la kwanza akanikabidhi mkononi: "Hii ya jikoni, mama." Nikaipokea, nikamshukuru, nikatenga elfu kumi ya kwenda kuficha kwenye gunia alilokwisha kuliuza.

Niliingia kwenye mazungumzo yale na hasira ya mahindi. Nilipochukua kalamu nikaanza kuandika, hasira ikahamia kwenye hesabu, na huko nikajikuta na mimi nimo. Mwezi ule aliokopa, mimi nilikuwa na karibu 480,000 hatua kumi kutoka kitandani petu. Ningezitoa, angekopa 320,000 tu, au asingekopa kabisa. Riba aliyolipa kwa miezi mitano ilikuwa zaidi ya mara moja na nusu ya akiba yangu yote ya miezi 17. Noti zangu hazikuzaa kitu mle guniani, na deni lake lilizaa kila tarehe ya mshahara. Nyumba moja ilikuwa inajaza ndoo kwa kijiko, na upande wa pili ndoo ina tundu la ngumi.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilisema nitayamaliza na mafao."

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo, na si kwetu peke yetu. Mwalimu alikuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa PSPF, na kwa kanuni ya wakati ule mstaafu alipewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Shuleni kwao walizoea kupiga mfano ubaoni: mtumishi wa mshahara wa milioni moja, miaka 30 kazini, mkupuo wake ulikuwa kama milioni 62. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF, ikatoka kanuni ya mkupuo wa asilimia 25, na Desemba hiyohiyo Rais Magufuli akaisitisha. Walimu wakapumua. Ni katika kupumua huko, mwaka 2019, Mwalimu alipochukua mkopo wa benki wa milioni 18 kumalizia nyumba, akijua kwamba uzee una milioni zake zinamsubiri. Julai 2022 kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao, kikaanza, mkupuo ukawa asilimia 33. Mfano uleule wa ubaoni ukashuka hadi milioni 30 na ushee. Kwenye bajeti ya Juni 2024 waliokuwa kwenye kanuni ya nusu wakapandishwa hadi asilimia 40, yaani kama milioni 37 kwa mfano ule.

Haki itendeke: pensheni ya kila mwezi ilipanda. Mtu yuleyule wa mfano angepata kama 333,000 kwa mwezi kwa kanuni ya zamani, na sasa anapata kama 372,000. Kwa mtu asiye na deni, hiyo ni habari njema, maana fedha ya kila mwezi haiwezi kuliwa siku moja. Lakini wengi walikuwa wameshaitumia milioni 62 kichwani. Walikuwa wameiezekea, wameisomeshea. Mkupuo ulipopungua, madeni hayakupungua nao. Na kwa kuwa makato ya mshahara yana mpaka wake, mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja, aliyefika mpakani akikwama haendi tena benki. Anakwenda chumba kimoja mjini.

Jumatatu, Sabasaba, niliweka 720,000 mezani, Mwalimu akakopa 80,000 kwa mdogo wake, kesho yake tukaenda wote wawili kwenye ofisi ile ya kausha damu. Walitaka na riba ya Julai. Nilikaa kwenye kiti chao hadi saa nane mchana nikikataa kuondoka bila kadi. Tulitoka nayo, kwa kuongeza elfu sitini. Tulipofika nyumbani alibadilisha namba ya siri, akaniandikia ile mpya kwenye daftari.

Ilibaki benki. Deni la milioni tisa na kitu, makato hadi Desemba 2027, miezi michache kabla hajatimiza miaka 60. Na hapo ndipo Mwalimu alipolitaja shamba.

Tuna ekari tatu za misindano Mufindi, alizopanda na marehemu baba yake mwaka 2012. Agosti tulipanda basi Uyole alfajiri, tukapita Igawa na Makambako, saa nne tukawa Mafinga. Wifi alitupokea kwa "Kamwene" na uji wa moto. Mnunuzi alikuwa ameshafika shambani kabla yetu, anapima miti kwa macho. Bei yake milioni nne na nusu kwa ekari, zote tatu milioni 13 na nusu, mashine zake za ding dong zingeanza Jumatatu.

Mwalimu alinivuta pembeni. Alitaka tukate yote. "Nistaafu mweupe, mama. Nisiwe na deni la mtu." Akaongeza la moto: kila Septemba na Oktoba mashamba ya watu huteketea, na miti iliyoungua haina bei. Hoja hiyo haikuwa ndogo. Nilikaa nayo kimya muda mrefu, naangalia vilele vinavyoyumba.

Nilimjibu kwa kalamu. Miti ile ina miaka 13. Ikifika 18 unene wake unatoa mbao za bei nyingine kabisa, na wengi wanaokata mapema Mufindi wanasukumwa na shida. Deni la benki linakatwa kwa utaratibu, mwisho wake tunaujua, na riba yake asilimia 16 kwa mwaka. Kwa kila shilingi, kausha damu ilimla kwa mwezi karibu mara mbili ya kile benki inachokula kwa mwaka. Lile lilistahili kufa hata kwa akiba ya uzee, na limekufa. Hili la benki linaweza kutembea na miti hadi litakapofika mwisho wake. Kukata zote kulipa benki ni kuchinja ng'ombe anayekaribia kuzaa kwa sababu ya deni la pumba.

Tulikata ekari moja. Milioni moja na nusu ni ada ya mwaka wa mwisho ya kijana, ili asiturudishe chumba kile. Milioni moja imekaa kando kwa dharura. Kwa milioni mbili zilizobaki tulibishana na binti yetu mkubwa, ambaye ni mhasibu pale Iringa. Alisema hesabu iliyonyooka inataka zipunguze deni la benki. Nadhani yuko sahihi kwa karatasi. Lakini fedha ukishaipa benki huwezi kuirudisha siku bati linapong'oka, na sisi hatukuwa na kitu kingine cha kushika. Tukaziweka kwenye Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ule ulioanza mwaka 2005, kwa jina la Mwalimu na mimi nikiwa mrithi. Binti alinuna wiki nzima.

Kabla hatujaondoka tulifyeka barabara ya moto kuzunguka ekari mbili zilizobaki. Mwalimu, mimi, wifi na vijana wawili wa kukodi, siku tatu, hadi viganja vikachubuka. Mwalimu hakutaka kusikiliza mashine upande wa pili. Alifyeka amezipa mgongo.

Ekari iliyokatwa sasa ni visiki. Mwalimu anataka kurudishia misindano, kama baba yake. Mimi nataka parachichi: kwetu Rungwe mche wa kubebesha unaanza kuzaa mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu tutakuwa tunaishi kwa pensheni, tutauhitaji. Anasema Mufindi si Tukuyu. Nimemwonyesha mashamba ya parachichi ya majirani wa wifi, akasema majirani hao wana maji karibu. Kuhusu maji nimekubali kwamba nitauliza. Mvua zinaanza Novemba, daftari liko mezani, na ukurasa wa ekari hiyo bado una safu mbili, yake na yangu.