Waraka kwa Tabibu wa Sindano, Yeoville

Mheshimiwa Tabibu,

Nakushukuru kwanza kwa goti la jirani yetu, mama wa Bukavu anayeuza mboga hapa Yeoville. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Ulimchoma sindano nyembamba, moja ukaipekecha chini ya goti mpaka akasema anahisi uzito unashuka hadi wayo. Siku chache baadaye alipanda ngazi bila kushika ukuta. Nafuu ile ni yake, na sitaibishia.

Sayansi nayo haiibezi. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameona dalili kwamba sindano huamsha vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, jamii ya mofini. Ujerumani, mwaka 2007, walichapisha utafiti wa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi sita, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa kanuni za Kichina walikuwa na nafuu. Waliochomwa sindano za geresha, juujuu na nje ya nukta zenu za kuchomea, asilimia 44.2. Waliopata matibabu ya kawaida, 27.4. Tafadhali zisome tena tarakimu mbili za kwanza kabla hujamwambia mgonjwa mwingine kwamba siri iko kwenye nukta, na kwamba nukta unazijua wewe peke yako.

Kinachonikera ni karatasi yako ya njano kwenye nguzo ya umeme, Rockey Street. Umeahidi kuponya kisukari, presha, miguu inayowaka moto kwa wenye VVU, na mgongo "wa aina yoyote". Kuhusu miguu hiyo, Wamarekani walichapisha mwaka 1998 utafiti wa wagonjwa 250: sindano hazikuzishinda za geresha. Watu hao hapa Johannesburg ni wengi, na baadhi yao wanakulipa kwa nauli ya kwendea kliniki kuchukua dawa.

Na mgongo, Tabibu! Katika nchi yenye kifua kikuu kingi hivi, mgongo hauchomwi kabla haujaulizwa. TB huingia kwenye pingili, ikazila taratibu, na mtu akicheleweshwa anaweza kupooza miguu. Mdogo wake yule mama alikuja kwako akiwa amekonda, suruali imefungwa kamba. Hukumuuliza kama anatokwa jasho usiku, wala kama ana homa. Ulimlaza kifudifudi ukaanza kazi, ukampangia arudi kila wiki. Sindano ingeweza kweli kumpunguzia maumivu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo: angetulia nyumbani huku ugonjwa ukiendelea.

Basi naomba haya. Mwenye mgongo na homa, au aliyekonda, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Kisukari na presha vifute. Na kwa kuwa Sheria Na. 63 ya mwaka 1982 inamtaka kila mchoma sindano ajisajili kwenye baraza la AHPCSA, namba yako iandike juu kabisa ya karatasi, pale ulipoandika "Hakuna kinachoshindikana".

Wako kwa heshima,
Jirani wa mgonjwa