Jinsi ya Kununua Rada Bila Kusubiri Chenji

Mwongozo huu ni wa serikali yoyote inayotaka kununua rada. Vifaa vinavyohitajika: kalamu, na viatu vya kupandia milima ya Lushoto.

1. Panda Irente. Ukifika ukingoni, nyika ya Mazinde yote iko chini yako. Sasa geuka, utafute kijiji kilicho nyuma ya kilima. Hukioni. Rada nayo hutuma mawimbi na kungoja mwangwi. Ndege iliyokingwa na milima hii ya Usambara hairudishi mwangwi. Basi anza na ramani ya milima, bei baadaye.

2. Jua unataka kumwona nani. Mwaka 2001 Uingereza ilitoa kibali Tanzania iuziwe rada ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Clare Short, waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga. Wataalamu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walisema ni ghali na haitoshi kuongoza ndege za abiria. Ukiambiwa hivyo na wanaoijua kazi, weka kalamu chini.

3. Mjue dalali. Sokoni Lushoto mkulima wa kabichi anamjua dalali wake kwa sura, na cha juu wanakigombania mbele ya watu. Kwenye rada, takriban dola milioni 12 zilipitia kwa wakala. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya London, BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo. Malipo ya wakala yaandikwe ndani ya mkataba, na mkataba usomwe bungeni.

4. Piga hesabu kwa madawati. Chenji ya rada, yaani pauni milioni 29.5 ambazo BAE iliirudishia Tanzania baada ya kesi hiyo, ililipwa mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 alikuwa ameshamaliza la saba tangu 2008. Yeye hakurudishiwa kitu.

5. Kabla ya kutia saini, mwite mwalimu mkuu kutoka Soni au Mlalo, huko huko Lushoto. Muulize watoto wangapi wanasomea kitabu kimoja. Jibu lake liwe ukurasa wa kwanza wa mkataba, na anayetia saini alisome kwa sauti.