Naomba Niwe Chawa wa Valvu

Injini haikosi wapambe, na hata honi ina mashabiki wake kijiweni. Valvu ya tyubu haina mtu. Naomba niwe chawa wake.

Kwanza ukoo. Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Mwaka 1893 George Schrader wa New York akapata ya valvu, na ukoo huo haujashuka hadhi hadi leo: mdomo wa pampu unaojaza pikipiki ya Boxer ya kubeba mkaa unajaza pia gari la waziri.

Tabia yake njema kuliko zote ni adabu. Upepo ukipungua, tairi la nyuma haliikamati rimu sawasawa. Dereva akivuta mafuta na mishkaki yake mgongoni, tairi linajongea, linaiburuta tyubu, na valvu imebanwa tunduni. Ifanyeje? Inainama. Inainama wiki nzima hadharani, ikimsihi bwana mkubwa atoe upepo, alirudishe tairi mahali pake mpaka shina lisimame, kisha ajaze inavyotakiwa. Ni ofisi gani hutoa notisi ndefu hivyo?

Wapo wanaoona kuinama huko ni utovu wa nidhamu, wakaikaza nati mpaka ikang'ang'ania rimu. Mtumishi akinyimwa hata kulalamika, hukatika shingo akiwa wima. Nati hiyo ingepandishwa juu tu, ikapumzika chini ya kifuniko, ingetosha. Kifuniko chenyewe, bila shaka, kilipotea siku pikipiki iliponunuliwa.

Halafu tazama inavyotunza siri. Msumari hukuaibisha barabarani mchana kweupe. Valvu inakusubiri ulale. Asubuhi tairi limekaa chini, na fundi pancha anaanza ibada: analowesha kidole kwa mate, anapaka mdomoni mwa valvu, anatazama. Povu likivimba, kisindano cha ndani kimelegea au kimemeza vumbi. Kinakazwa au kinabadilishwa, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Mate ya tajiri na ya maskini yanatoa povu lile lile, jambo ambalo vipimo vya hospitali havijafikia.

Povu lisipotokea, tyubu inatolewa na kuzamishwa kwenye karai. Vipovu vikipanda kutoka kwenye shina, pale mpira unaposhikana na chuma, fundi huvuta pumzi. "Kaka, hii imekufa." Kiraka hakishiki hapo, maana sehemu hiyo haitulii. Fundi muungwana hupaka solusheni hata hivyo ili mteja asiondoke mikono mitupu, na mteja hurudi kabla ya magharibi kununua tyubu mpya. Fundi amelipwa mara mbili, mwenye duka ameuza, na abiria amepata mazoezi ya miguu.

Wenye tairi zisizo na tyubu wasijigambe kwamba wameikwepa. Valvu imewatangulia huko, imehamia kwenye rimu yenyewe, imepandishwa cheo.