Sifa za Kamati ya Maazimio

Wanaoteuliwa kuingia Kamati ya Maazimio ya mkutano mkuu wa kanisa hunung'unika bure. Wajumbe wengine wamekaa ukumbini wanasikiliza kwaya. Sisi tumefungiwa darasani na rimu ya karatasi, kompyuta isiyosoma flashi na wazee waliokariri katiba nzima. Kamati hutufundisha kufunga, maana chai ya saa nne hutufikia saa saba. Hutufundisha na kukesha.

Ila fadhila yake kuu ni kwamba inathibitisha ufufuo wa wafu. Mwenye mashaka na aitazame hoja ya mafao ya wainjilisti wastaafu. Huletwa, huungwa mkono, hufanyiwa marekebisho mpaka hata aliyeileta haitambui, kisha huundiwa kamati ndogo "ya kulitazama suala hili kwa kina". Hapo imekata roho. Huzikwa ndani ya kabrasha, na kaburi hutiwa muhuri wa katibu. Mkutano unaofuata, tazama, imefufuka! Karatasi ni ile ile, kosa la kuchapa katika aya ya pili ni lile lile, hata anayesimama kusema "Mwenyekiti, naomba mwongozo wako" ni yule yule, mvi tu ndizo zimeongezeka. Tomaso angelitia kidole kwenye tundu za pini akaamini.

Mitume kule Yerusalemu, Matendo sura ya 15, walikuwa na suala zito zaidi, la tohara ya watu wa mataifa. Wakahojiana sana, Petro akasema, Yakobo akatoa shauri, ikaandikwa barua yenye makatazo manne, ikapelekwa Antiokia. Maaskofu wa Nisea, mwaka 325, walituachia ukiri wa imani na kanuni 20. Masikini, hawakuwa na kamati ndogo.

Lakini mwinjilisti mwenyewe hafufuki kila mkutano mkuu. Anazikwa mara moja, mjane anabaki na salamu za rambirambi kutoka makao makuu, zimechapwa vizuri, hazina kosa hata moja. Na azimio la gari jipya la ofisi, mbona liliingia asubuhi likapita kabla ya chakula cha mchana, bila koma kuguswa? Kumbe kamati inajua kukimbia! Kuna watu wanaochagua hoja ipi ikimbie na ipi ikafie kwetu, na hao hawakai darasani.

Wajumbe wa mkutano ujao, hoja hiyo itarudi. Msituletee tena. Ipigieni kura hapo hapo ukumbini, kwa kunyoosha mikono, tuone nani ataacha wa kwake chini.