Mganga Naye Amekufa

Kwa asiyewajua, Elfi wa Usiku ni watu warefu wenye ngozi ya zambarau wanaoishi ndani ya gemu ya World of Warcraft. Masikio yao marefu yamechongoka na macho yao yanawaka kama taa za bodaboda. Walianza kuonekana mwaka 2002 kwenye Warcraft III, na mwaka 2004 wakahamia kwenye gemu hii ambayo watu wa mabara mbalimbali huicheza pamoja kwa intaneti. Nyumbani kwetu walifika kwa basi, ndani ya begi la mpwa wangu, aliyekuja kusubiri matokeo ya kidato cha sita akiwa na laptopu, hedifoni kubwa na suruali mbili.

Mimi nilidhani wataishia kwenye kioo. Asubuhi moja kijana akatoka chumbani, akamkuta mama yangu anachambua mchele, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Ishnu-alah, Bibi."

Mama akaacha mchele. "Tumbo linakusumbua?"

Akaelezwa kwamba hiyo ni salamu ya Kidarnasi, lugha ya Elfi wa Usiku, na kwamba ameombewa bahati njema. Mama akataka kujua kama hao watu hawana shikamoo. Kijana akasema hawana, kwa sababu waliishi zaidi ya miaka elfu kumi bila kuzeeka, mpaka walipoutoa umilele wao kwenye vita vya Mlima Hyjal, kwa hiyo umri kwao si hoja. Hapo alikosea mtu wa kubishana naye.

"Mwenye miaka elfu kumi ndiye wa kupewa shikamoo kabla ya wote," Mama alisema. "Na wewe wa juzi uanze nayo."

Kijana akaanza nayo. Halafu, kwa kuwa mchele ulikuwa mwingi, akaketi kusaidia huku akisimulia jinsi wanaume wa Kielfi waliokuwa wadruidi, yaani makuhani wa mwituni, walivyolala usingizi kwa karne na karne, wakiota ndoto ya kijani, huku wanawake wakilinda misitu kwa pinde na mishale, mpaka kuhani mkuu Tyrande Whisperwind alipolazimika kupuliza pembe ili kumwamsha mpenzi wake Malfurion. Mama alisikiliza bila kushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama huyo Malfurion alipoamka alipelekewa chai.

Nikiri kwamba salamu zao zilinipendeza. Kuna ya kumtakia mtu bahati, kuna ya kuitakia bahati familia yake, na kuna ya kuagana, Ande'thoras-ethil, ya kukuombea taabu zako zipungue. Watu wanaoulizia familia kabla ya shida iliyowaleta ni watu waliolelewa. Tatizo ni kwamba baada ya salamu hakuna kinachofuata. Kampuni ya Blizzard, kule Irvine, California, iliwapa Elfi wake salamu, kwaheri, viapo kwa Elune mungu wao wa mwezi na kelele za vitani, ikawaacha hapo. Sijawahi kumsikia Elfi akiuliza nani amemaliza sukari.

Profesa Tolkien wa Oxford, aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na ambaye Elfi wote hawa ni wajukuu zake kwa namna fulani, alianzia upande wa pili. Yeye alitunga lugha kwanza, moja akiitia ladha ya Kifini na nyingine ya Kiwelisi, ndipo akatafuta watu wa kuzizungumza. Watengeneza gemu hawana muda huo. Wao wana tarehe ya kutoa gemu.

Ndiyo maana Kidarnasi cha kuandika ndani ya gemu si lugha bali ni mchezo wa mashine. Ukichagua kuzungumza Kidarnasi, kompyuta inachukua kila neno lako na kuweka mahali pake neno jingine lenye idadi ileile ya herufi. Elfi wenzako wanasoma ulichoandika. Binadamu na mbilikimo, hata wale mlio upande mmoja vitani, wanaona takataka. Orki wa upande wa adui nao wana lao. Orki akiandika "lol", yaani anacheka, huku kwa akina Elfi inasomeka "kek", na wachezaji wakongwe wanaijua "kek" kuliko majina ya majirani zao.

Mpwa wangu alikichagua Kidarnasi kwa madaha, akasahau kukirudisha. Jioni hiyo alikuwa ameingia na watu wengine wanne asiowajua kwenye mgodi wa Deadmines, wenye majambazi wanaoitwa Defias. Mganga wa kundi alikuwa mbilikimo mwenye ndevu. Kijana akaona kundi la majambazi linakuja kwa nyuma, akaandika neno la Kiingereza la herufi tatu la kuwaambia wenzake wakimbie. Wenzake wakapokea neno jingine la herufi tatu, la kishairi kabisa, wakabaki wamesimama wakilitafakari.

Sasa, mtu aliyevaa hedifoni hajui sauti yake ina ukubwa gani. Nyumba yetu na ya jirani zinatenganishwa na ukuta wa tofali moja na dirisha la wavu. Kilichopita kwenye wavu huo ni hiki: "Tumekufa! Wote watano! Jamani, mganga naye amekufa!" Kisha, baada ya kimya kidogo: "Maiti yangu iko mbali, ngoja niifuate mwenyewe."

Ndani ya gemu hayo ni mambo ya kawaida. Ukifa unaibuka makaburini ukiwa mzimu, unakimbia mpaka ulipolala mwili wako, unaurudia, maisha yanaendelea. Elfi wa Usiku wana upendeleo hapa, kwani mizimu yao huwa vimwanga vya duara vinavyokimbia kuliko mizimu ya makabila mengine. Haya yote jirani hakuyajua. Alikuja amejifunga kanga, ana kilo ya sukari mkononi, nyuma yake binti yake na mkeka. Alinikumbatia mlangoni kabla sijauliza kitu. Aliniambia nijikaze, mimi ndiye mwanaume. Nilijikaza kweli, maana kucheka usoni kwa mfiwa wa hiari ni utovu wa adabu.

Ilibidi kijana atolewe chumbani akiwa mzima na aoneshwe. Jirani alimtazama juu mpaka chini, akauliza: "Na huyo mganga?" Sukari hatukurudisha, hakuitaka. Alisema ikishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba hairudi.

Ili kumtuliza Bibi yake, kijana akamwonesha Elfi akicheza ngoma. Mama alisogeza miwani. "Huyu ni Michael Jackson," alisema, na ni kweli, Elfi wa kiume wa Usiku anacheza miondoko ya "Billie Jean". Mwanamke aliyewahi kuicheza akiwa msichana hawezi kudanganywa. Hapo akataka Elfi wake mwenyewe.

Akatengenezewa mmoja wa kike, mwenye nywele nyeupe kama zake. Akaanzia pale wanapoanzia Elfi wote wachanga wa toleo la zamani, lile lililorudishwa mwaka 2019, juu ya mti mkubwa wa Teldrassil. Kwenye toleo jipya mti huo ulichomwa moto mwaka 2018 na Sylvanas, kiongozi wa upande wa adui. Mama akaua buibui kwa bidii, akakusanya miguu yao, akapanda njia ya mbao inayozunguka shina la mti mwingine uliokuwa huko juu kwenda kutafuta wa kumuuzia. Kijana alikuwa ameenda dukani kununua unga.

Muuza duka wa Kielfi akamsalimu Mama vizuri sana. Mama akajibu kwa sauti. Kisha akaiona bei: vishaba vichache tu, na kwao shaba mia ndiyo fedha moja.

"Miguu yote hii? Ongeza, mwanangu."

Akabofya. Elfi akamtakia bahati njema. Mama akamwambia familia yake ni kubwa, akabofya tena. Elfi akasalimu. Wahusika hawa wamepewa pia maneno ya ukali kwa anayewabofya kupita kiasi, na Mama aliyafikia.

"Kumbe una mdomo!" Mama akasema. "Basi kaa na shaba zako!"

Akageuka kwa hasira, mkono umebana kitufe cha kwenda mbele. Elfi wamejenga kwa miaka elfu kumi bila kumpata fundi wa kuweka kingo, na ile njia iko wazi upande mmoja, chini ni mbali.

"Uwii! Nimekufa mie!"

Safari hii jirani hakutoka. Aliuliza tu kupitia dirishani kama mganga yupo.